Fundi na Nyumba ya Asiyekuwepo

Kwa miaka ishirini na tisa Fundi alikuwa akiwafungulia milango watu waliojifungia nje, na katika miaka yote hiyo, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwahi kukutana na mteja mwenye akili timamu. Kuna aliyevunjia ufunguo ndani ya kitasa akauchokonoa kwa kijiko mpaka ukazama wote. Kuna bwana mmoja wa suti na tai aliyelainisha kufuli la ofisi kwa mafuta ya kupikia, kisha akashangaa sisimizi wanatoka wapi. Fundi alikuwa akipiga magoti mbele ya mlango, anainamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza umbea, halafu anasonya. Msonyo ule ulijulikana mtaa mzima. Watu walisema mama yule anakufungulia mlango kwa dakika tano na kukudharau kwa mwezi mzima, na kazi zote mbili anaziweza.

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti. Hata mumewe alimwita Fundi. Yeye naye alimwita mumewe Karani, kwa kuwa mzee huyo alistaafu ukarani wa masjala baada ya kupanga mafaili ya watu maisha yake yote, na kwa kuwa neno hilo, likitoka mdomoni mwa Fundi, lilikuwa na ladha ya kitu kilichochacha.

Karani hakuwa mtu wa kelele. Binti yao alipoolewa aliwaachia kompyuta yake, nayo ikawekwa kwenye pembe ya sebule, karibu na kabati la vyombo. Hapo ndipo Karani alipohamishia ustaafu wake. Fundi akitoka asubuhi na sanduku la vifaa, mumewe yupo pale, miwani kwenye ncha ya pua. Akirudi jioni, yupo pale pale. Hakujua anafanya nini na wala hakuuliza. "Anacheza," alimwambia dada yake kwenye simu. "Nimeachiwa mtoto mwenye mvi."

Kisha Fundi akaanguka. Alikuwa juu ya stuli akifunga komeo la juu kwenye mlango wa ghala, mguu mmoja wa stuli ukateleza, naye akatua juu ya mkono wa kulia. Kila aliyekuja kumpa pole aliambiwa kwa urefu kwamba mtengeneza stuli ile alikuwa mpumbavu. Mkono ukafungwa plasta ngumu kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko, na daktari akasema wiki sita. Karakana ikafungwa.

Siku ya kwanza Fundi alipanga upya makabati kwa mkono mmoja. Siku ya pili aligombana na pazia. Siku ya tatu alivuta kiti akakiweka nyuma ya mumewe.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Mchezo."

"Macho ninayo. Unampiga nani?"

"Hakuna wa kupigwa," Karani akasema bila kugeuka. "Ni nyumba. Inaitwa Nyumba ya Asiyekuwepo. Mwenyewe ametoweka, wewe unaingia kumtafuta. Humwoni anayetembea, unaona anachokiona yeye, kama vile ni macho yako. Kila mlango una fumbo. Ukilifumbua unapita."

Fundi akatazama. Kwenye kioo kulikuwa na ukumbi mrefu wenye sakafu ya mbao, na mwisho wake mlango mzito wa bluu. Mbele ya mlango, juu ya meza, vikombe saba vya maji. Karani alikuwa akivigonga kimoja kimoja kwa kijiko, vikilia, ting, tong, na mlango haukufunguka.

"Na hivyo vikombe?"

"Ukivipiga kwa mpangilio wa wimbo fulani, kufuli linaachia."

Fundi akainamisha kichwa upande, kama anavyofanya mbele ya mlango wa mteja.

"Huyu mwenye nyumba," akasema, "akitoka sokoni na mikoba miwili, mvua inamnyeshea, haja ndogo imembana, ilibidi asimame hapa apige muziki wa vikombe ndipo aingie kwake? Sishangai ametoweka. Kahamia kwa watu wenye kitasa."

Karani alicheka hadi akavua miwani. Kisha akafungua ukurasa mwingine, ambako wachezaji wa mchezo ule waliandika maoni yao na kuupa nyota, kuanzia moja hadi tano, akaanza kumsomea. Mmoja aliandika kwamba alilia alipoingia chumba cha pili. Mwingine kwamba mchezo huu umebadilisha maisha yake. Mwingine alitoa nyota moja kwa sababu alikwama mlango wa kwanza, na akahitimisha kwamba waliotengeneza ni wezi.

"Huyo wa kulia ana shida nyumbani kwao," Fundi akasema. "Huyo wa maisha aeleze yalikuwa maisha gani hata yabadilishwe na mlango. Na huyo aliyekwama mlango wa kwanza namjua. Ni mteja wangu. Endelea."

Basi ikawa ndiyo kazi yao kila siku baada ya chai. Karani anacheza, anakwama, anasoma maoni. Fundi anayapasua moja baada ya jingine kama mtu anayemenya karanga. Wanaosifu aliwaona debe tupu. Wanaoponda aliwaona wavivu. Wale wa katikati, walioandika "si mbaya", aliwachukia kuliko wote. "Mtu amekaa, amewasha kompyuta, amefikiri, kaja na 'si mbaya'. Bora angelala."

Wiki ya tatu binti yao alipiga simu. Hata salamu hakumaliza.

"Mama, mbona hukuniambia? Baba amekuwa mtu mashuhuri! Ofisini kwetu watu wameisoma ile ya mvua na mikoba, mbavu hawana. Imependwa na watu elfu mbili!"

"Ile ya mvua ipi?" Fundi akauliza taratibu.

Aliposhusha simu, Karani alikwisha kusikia. Alikuwa ameuelekeza uso wake kwenye kabati la vyombo.

"Karani."

"Naam."

"Umeandika maneno yangu."

"Nilidhani… ni maneno ya hapa nyumbani tu."

"Cha hapa nyumbani ni sufuria. Maneno yana mwenyewe. Wewe ulichotia pale ni nini? Koma?"

Karani akafikiri, maana alikuwa mkweli. "Koma mbili," akasema. "Na haja ndogo niliitoa."

Siku hiyo hiyo Fundi alitaka afunguliwe akaunti yake. Kesho yake kutwa nzima alimwachia mumewe makosa yake mwenyewe, akimtazama akigonga kuta zisizo na mlango, hadi wakashuka chumba cha chini. Huko kulikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli la kuning'inia, na ufunguo wake haukuwa na meno. Ulikuwa na mistari ya kuzunguka kama ya skrubu. Karani aliuingiza, akauzungusha mara nane, tisa, kumi, kufuli likafunguka.

Fundi akaomba kiti kile. Alichapa kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, saa nzima, mistari minne: *Mimi ni mama na ni fundi wa makufuli. Kufuli linalofunguliwa kwa ufunguo wa skrubu halipo duniani na halijawahi kuwepo. Aliyetengeneza mchezo huu hajawahi kufungua hata kopo. Nyota moja, nayo ni ya ile sakafu.*

Jibu la kwanza lilitoka kwa mtu aliyejiita Bingwa wa Mafumbo. *Mama, ni wazi hujawahi kushika kufuli maishani mwako,* aliandika. *Makufuli yote ya zamani yalikuwa hivi. Ndani yana pini zinazopanda kila ukizungusha. Tafuta video ujifunze.* Watu sitini wakampenda.

"Sijawahi kushika kufuli!" Fundi alisema. Alilisema kwa mumewe, akalisema kwa dirisha, akampigia dada yake akalisema tena. Kisha akamshika Karani mkono hadi karakana, akasimama mbele ya ubao wake wa funguo mia nne na ushei, plasta kifuani, uso kama mtu aliyeitwa polisi, akapigwa picha. Wakaipachika.

*Picha ya kuokota mtandaoni,* akaandika Bingwa. Mwingine akasema huyu si mama yeyote, ni kijana anayejifanya bibi ili apendwe.

Fundi hakula vizuri siku mbili. Alimzoea mjinga wa mlangoni. Ukimsonya anainamisha kichwa, anasubiri mlango wake. Hawa hawakuwa na mlango. Walikuwa vinywa vitupu, na msonyo haukuwafikia.

Siku ya tatu mtengenezaji wa mchezo mwenyewe akaandika. *Shikamoo Fundi,* alianza. *Nimefurahi kusomwa na mtu wa kazi. Hilo kufuli ni la kwenye kasha la marehemu bibi yangu. Ninalo hapa mezani.* Chini aliweka picha tatu: kufuli limefungwa, ufunguo peke yake, na kufuli limefunguliwa tumbo.

Fundi aliisogelea ile ya tatu hadi pua ikakaribia kioo. Karani alisimama nyuma ya kiti.

"Ni la kweli?"

"Nyamaza."

Alitazama kwa muda ambao chai ingepoa. Alikuwa amekosea, tena mbele ya watu. Baba yake, aliyemfundisha kazi, hakuwahi kumtajia kitu cha namna hii. Labda naye hakukijua, na hilo lilimuuma zaidi. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kilichomsumbua, kwa sababu kufuli lenyewe lilikuwa zuri. Skrubu inavuta kidude kimoja, springi inakirudisha mahali pake. Basi. Mtu fulani, zamani sana, alikuwa ameketi akalifikiria jambo hilo hadi mwisho.

Kisha macho yakamtoka. "Karani, hesabu pini."

Karani akainama. "Sioni pini."

"Kwa sababu hakuna!"

Akachapa, safari hii haraka: *Kufuli la chini lipo. Nimekosea, na nimeongeza nyota mbili. Habari ya vikombe iko pale pale. Na wewe Bingwa uliyenifundisha pini, angalia picha ya tatu, uzihesabu, unipe jibu.*

Kufikia saa kumi jioni Bingwa alikuwa amefuta kila alichoandika. Fundi alipata raha ya mtu aliyekunwa pale pale panapowasha. Akataka kuionja tena, akarudi kwenye ukurasa kutafuta kama kuna masalia ya yule bwana, na kwa kuwa mkono wa kushoto haukuizoea ile mausi ya kompyuta, akabonyeza jina la mumewe.

Yakatokea maoni yote ya Karani. Juu kabisa lile la mvua, na elfu zake. Chini kabisa kulikuwa na moja ambalo Fundi hakulijua, lililoandikwa miezi miwili kabla Fundi hajaanguka.

*Nyumba hii ni nzuri kwa mtu wa umri wangu,* Karani alikuwa ameandika. *Ina utulivu. Ukikosea, mlango haufunguki, basi, unajaribu tena. Hakuna anayekusonya.*

Waliopenda: hakuna.

Fundi alilisoma, akalisoma tena. Akatafuta kosa la tahajia la kushika, asilipate; mumewe alikuwa karani wa kweli, koma zote zilikaa mahali pake. Kutoka jikoni alisikia maji yakimiminika na Karani akiosha sufuria, polepole, kama alivyofanya kila kitu. Akaurudisha ukurasa ulipokuwa. Hakumwambia neno, wala siku hiyo wala nyingine.

Wiki sita zilipotimia, plasta ilitolewa. Karakana ikafunguliwa, na mteja wa kwanza, mama aliyejaribu kufungua mlango wa stoo kwa uma, alipata dharau yake kamili bila kupunguziwa. Lakini siku hiyo Fundi alifunga kazi mapema. Jua lilikuwa bado linaingia sebuleni alipovuta kiti chake nyuma ya kompyuta. Karani akainuka kumpisha.

"Kaa," akasema Fundi. "Cheza. Mimi natazama."

Walikuwa chumba cha sita. Kulikuwa na gurudumu kubwa la chuma lenye picha za ndege, na midomo yote ya ndege wale ilielekea kulia. Karani akalizungusha kushoto. Halikwenda. Akatafakari, akalizungusha kushoto tena. Fundi akahesabu vioo vya dirisha. Akahesabu vikombe vya kabatini. Karani akashika gurudumu kwa mara ya tatu, akaegemea kushoto kwa nguvu kana kwamba kompyuta ingesikia uzito wake.

"Leo husemi kitu?" akauliza.

"Nimesema cheza."

Alivumilia robo saa, na mashahidi wa robo saa hiyo ni kucha zake zilizojichora kwenye mbao za kiti. Mwishowe likamtoka: "Kulia, baba watoto. Ndege wanatazama kulia. Kulia!"

"Najua," akasema Karani. "Nimejua tangu mara ya kwanza. Nilitaka kuona utafika wapi."

Fundi akampiga kibao cha bega kwa mkono uliopona, si kwa nguvu.

Nyumba ile waliimaliza baada ya wiki tatu. Fundi alisema mwisho wake ni wa kipuuzi, mtu hatoroki kwake miaka kumi kwa sababu ya barua. Karani alisema yeye ameupenda sana. Kila mmoja akaandika yake, kwa akaunti yake.