Mama Aliyesimama Kati Yangu na Kamera

Ninaandika haya nikiwa na macho mawili mazima, na huo ndio ushahidi wangu wa kwanza. Ukitaka kucheka, cheka, ila yalinitokea mimi mwenyewe, mchana, watu wakiwa wamejaa, hapa Lubumbashi.

Kwanza ujue unasoma maneno ya nani. Mimi si mtu wa kuona mashetani kila penye kivuli. Niliondoka komini ya Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, sina kitu, nikaosha vyombo Ubelgiji, nikasoma jioni, nikarudi na diplome ya upigaji picha yenye mhuri mwekundu. Iko ukutani, njoo uione. Studio yangu niliijenga kwa jasho langu, hakuna mjomba waziri aliyenisaidia. Na wakati wengine wanapiga kwa simu, mimi bado napiga kwa filamu.

Basi siku ile jua lilipopatwa, miaka michache iliyopita, nilijipanga kitaalamu. Watu wa mtaa niliwagawia kamera ndogo za plastiki wapigane picha wao kwa wao wakitazama juu. Mama Kapinga, jirani yangu muuza mikate, alileta beseni la maji ili watu waone jua humo bila kuumia. Mimi nilisimamisha kamera yangu kubwa juu ya miguu mitatu, pembeni mwa kivuli cha mti wa avoka, lenzi ndefu ikielekea juani. Kwenye kitundu cha kuchungulia nilibandika vipande viwili vya filamu iliyopigwa mwanga hadi ikawa nyeusi tii. Hiyo ndiyo ngao ya jicho langu, nilijiambia. Nani angenifundisha?

“Papa Studio,” Mama Kapinga akanitania, “jua itakuya kuchukua foto yake siku gani?”

Watu wakacheka. Mwanga ukapungua, ubaridi ukaingia, kuku wakaanza kutafuta pa kulala. Jua likabaki ukucha. Umewahi kuona jambo hili? Chini ya mti, kila tone la mwanga linalopenya kati ya majani huanguka likiwa na umbo la jua lenyewe. Mashati, vichwa, beseni, vyote vilijaa kucha ndogo za mwanga.

Nikainama kuweka jicho. Hapo mama mmoja akajiingiza kati yangu na kamera. Alivaa kitenge cha kijani na kitambaa cheupe kichwani. Sikumjua.

“Papa, unipige miye foto.”

“Ngoja kidogo, Mama. Jua haiwezi kuningojea.”

“Bulaya balikufundisha kupa bantu mugongo?” Hakusogea. “Jua iko na sura? Miye njo niko na sura. Ku matanga yangu balitia meza, balitia na maua, foto hapana. Bantu balilia mbele ya maua.”

Matanga yake? Nikadhani akili yake imemruka. Nilimbembeleza, nikamkemea, wapi! Mwishowe nikashika kamera ya plastiki iliyoning’inia shingoni mwangu, nimpige haraka aniondokee.

Niamini haya niliyoyaona kupitia ile kamera. Watu wote nyuma yake walikuwa na kucha za mwanga. Kitenge chake yeye kilijaa maduara, mazima, angavu, kana kwamba jua lililomwangaza lilikuwa la siku nyingine. Nikabonyeza.

“Aksanti, mwana,” akasema kwa upole.

Niliposhusha kamera hakuwepo. Hata kumwona akiondoka sikumwona.

Nikageukia kamera kubwa, nikanusa plastiki inayoungua. Muda wote tulipokuwa tunabishana, lenzi ile ndefu ilikuwa inakusanya moto wa jua na kuusukuma kwenye ngao yangu. Katikati ya weusi palikuwa na tundu jembamba kama la sindano, linafuka moshi. Nikaweka kiganja nyuma yake, kikaungua. Pale ndipo jicho langu lingekuwa.

“Papa Studio,” Mama Kapinga akaniita, “ulikuwa unasema na nani pale ku muti? Tulizania baridi ya Bulaya imekurudilia mu kichwa!”

Hakuna mwingine aliyemwona.

Filamu ya ile kamera ya plastiki niliisafisha mwenyewe. Watu wa nyuma wote wametoka vizuri. Mbele yao yako maduara ya mwanga, yameelea hewani, yamejipinda kufuata bega ambalo halipo. Hakuna kitenge, hakuna sura.

Hilo ndilo linaloniuma. Yeye alinipa jicho, na mimi, pamoja na diplome yangu, nikashindwa kumpa sura. Kila asubuhi nikifungua macho namshukuru Mungu, kisha namshukuru mama yule ambaye jina lake silijui. Na kila Jumamosi nabeba kamera, napita nyumba kwa nyumba, nawapiga kina mama ambao hawajawahi kuwa na picha, naziacha mikononi mwao.

Nawe unayesoma, usichungulie jua kwa ujanja wako, hata kama umesoma kunipita mimi, jambo ambalo ni gumu. Halafu nikuulize: mama yako yuko hai? Ana picha? Mpige leo, mchana huu, akiwa bado anakuuliza umekula nini.