Biruni, Mtu wa Nje

Kwa akina Sadallah, jina la babu hapewi mjukuu mpaka babu awe ameshazikwa. Ndiyo desturi yao tangu huko kijijini kwao Mucojo. Basi Haula, mkewe Sadallah, alipojifungua mtoto wa kiume huku Quitunda walikokimbilia, katika chumba walimohifadhiwa na wenyeji, majirani walijua ataitwa Momade tu. Mzee Momade, baba yake Sadallah, mwalimu wa chuo cha Kurani, alipotea siku Mucojo ilipovamiwa na waasi. Maiti haikuonekana, kaburi hakuna, ila watu walimhesabu amekufa. Mkewe, Bi Zaida, hakukaa eda wala hakutaka kusikia habari za hitima.

"Mume wangu yu hai," alisema. "Atakayemwita huyo mtoto Momade, ndiye atakayekuwa amemwua."

Sasa mwana afanyeje? Siku ya saba Sadallah akamnyoa mtoto nywele, akamwita Biruni.

Watu wakatumbua macho. Sadallah akawaeleza kama alivyofundishwa na baba yake: Biruni alikuwa mwanachuoni mkubwa wa falaki, Mwislamu wa Khawarizmi, aliyepima nyota na ukubwa wa dunia miaka elfu iliyopita. Jina hilo hakupewa alipozaliwa, limetokana na mahali. Kwa Kiajemi, birun ni nje. Yeye alitoka viungani, nje ya mji wenyewe, akaitwa mtu wa nje. Tena inasimuliwa kwamba hata babu yake ni nani, mwenyewe hakujua.

"Kumbe umemwita mwanao deslocado, mkimbizi wa vita!" jirani yao Dalila akaangua kicheko. Sadallah naye akacheka, maana angefanya nini, lakini moyo ulimuuma.

Mtoto hakukaa sana, homa ikamwandama. Hospitali walikwenda, dawa akanyweshwa, homa ikapoa, ikarudi. Alilia mpaka sauti ikakauka. Wanawake wakaanza kunong'ona: mtoto analikataa jina, anataka la wazee wake. Wewe unaweza kucheka. Anayecheka hajapakata mtoto anayewaka moto huku hana la kumfanyia.

"Baba Biruni," Haula akamwambia mumewe, "mwite jina la babu yake. Mie mwanangu ananifia mikononi, nawe unamlinda mtu tusiyejua aliko."

"Na mama je?"

"Mama kashazaa, kashalea. Mie ndiyo kwanza huyu."

Sadallah alikuwa amechoka na dunia. Kwamba baba yake amekufa alilijua zamani. Alikuwa akiogopa tu kuwa yeye ndiye wa kulisema. Na sasa, kila upande aliogeukia palikuwa na wa kumpoteza.

Baada ya swala ya alasiri akampakata mtoto barazani, akaadhini polepole sikioni mwake, kisha akamwita kwa sauti ya kusikika: "Momade."

Bi Zaida alikuwa mlangoni akichambua majani ya muhogo. Sadallah alitegemea kelele, alitegemea hata laana, angalau apate cha kujibu. Mama akaweka ungo chini, akavua herini moja, akavua ya pili, akampa Haula.

"Nitafutieni nguo ya eda," akasema, akaingia ndani.

Wakasikia akilia, kilio cha mfiwa, kile alichokizuia tangu Mucojo. Haula akazitia herini kwenye pindo la kanga, akamgusa mtoto kipaji cha uso. Palikuwa bado panawaka. Mtoto akaendelea kulia, na hawakuwa na jina jingine la kumpa.