Nyuzi za Majani ya Maboga

Ngogwe, ile nyanya chungu ndogo, ikichomwa jivuni hutoa harufu mbili. Kwanza ngozi huungua na kunuka moshi mchungu. Halafu hupasuka, na utamu wa ndani ukatoka taratibu, kama udongo uliopata mvua ya kwanza. Jirani yangu alichoma za kwake asubuhi hii, na harufu ikapita dirishani kwangu. Nikajikuta nimekaa tu, mchele umo kwenye ungo na sijapeta hata kidogo.

Mimi si mtu wa kuandika. Shule yangu ilikuwa ndogo, na baadhi ya ninayoyakumbuka huenda niliyasikia kwa watu nikayafanya yangu. Lakini hili la baba na mboga zake nililiona mwenyewe. Nitalisema nilivyoliona, na nikikosea mnisamehe.

Tulikaa juu kidogo ya Bigwa, nje ya mji wa Morogoro, pale mlima unapoanza kusimama. Siku hizo zilikuwa za Mjerumani. Shamba lilikuwa la mama, yaani la ukoo wa mama, kwa sababu kwetu Waluguru ardhi hufuata tumbo, na mtoto naye hufuata tumbo. Mume huja kulima kwa mkewe. Baba alikuwa Mnyamwezi, mpagazi wa misafara ya zamani. Reli ilipofika Morogoro ikaimaliza kazi yake, hakurudi kwao. Akawa anabeba ulanga wa Wajerumani, yale mawe yanayong'aa kama kioo, kutoka machimboni milimani, na siku moja akapita kwa mama kuomba maji. Mama akampa maji, akampa na mhogo na kitoweo. Baba alipenda kusema kwamba alinaswa kama panya anavyonaswa kwa karanga. Mama alimjibu kwamba panya huyo aliingia mtegoni kwa miguu yake, na hadi leo anaomba aongezwe.

Kitoweo chenyewe hakikuwa kitu kikubwa. Mama alichoma ngogwe na nyanya zile ndogo zinazojiotea shambani, akazimenya zikiwa bado za moto huku akipuliza vidole, akaziponda pamoja na pilipili, chumvi na karanga za kukaanga. Tulichovya mhogo humo mpaka bakuli likawa jeupe. Siku nyingine alipika majani ya maboga. Aliyachuma machanga kabla jua halijayalegeza, akamenya nyuzi zake kuanzia kwenye kikonyo, uzi mmoja mmoja, akayachemsha kwa maji machache. Karanga zilizotwangwa alizitia mwisho, chungu kikiwa kimekwisha kuepuliwa. "Karanga ukiziharakisha zinakasirika," alisema.

Alikufa kwa homa, wakati wa masika. Sitaandika zaidi juu ya siku zile, maana nakumbuka kidogo tu: mto umejaa, watu wa ng'ambo wamesimama ukingoni na mikeka yao, hawawezi kuvuka kuja kuzika.

Arobaini ilipopita, mjomba, kaka mkubwa wa mama, alishuka kutoka juu kunichukua. Ilikuwa haki yake, sitaki msomaji amwone mbaya. Mtoto ni wa ukoo, shangazi hana neno, baba naye ni mgeni aliyefiwa na mwenyeji wake. Baba aliomba nibaki naye mpaka mavuno. Mjomba alichora chini kwa fimbo yake.

"Shemeji," akasema, "mwanamume peke yake atamlishaje mtoto wa kike? Utampa ugali mkavu wa njiani. Na ukileta mwanamke mwingine humu, sitaki mtoto wa dada yangu alelewe na mgeni ilhali mama zake wadogo wazima."

"Sitaleta mtu," baba alisema. "Nitapika mwenyewe."

Mjomba alicheka, si kwa ubaya. "Haya. Nitakuja nione anakula nini. Nikikuta hatunzwi, namchukua siku hiyohiyo."

Basi baba akaanza kujifunza. Ugali aliujua tangu misafarani, mboga hakuijua. Sisemi kwa kumcheka, lakini majani yake ya kwanza yalikuwa kama kamba za kufungia mzigo. Tulitafuna, tukatazamana, tukatafuna tena. Mlenda wake aliutia magadi mpaka ukatukwaruza koo. Wanawake waliokwenda mtoni walipita karibu na jiko letu makusudi.

"Shemeji Mnyamwezi, leo umetupikia nini?" mmoja aliuliza.

"Mawe," baba alijibu. "Ngojeni yaive."

"Yakiiva utuite. Mume wangu hajawahi hata kuchemsha maji, nataka aje aone mwanamke mwenzangu."

Walicheka hadi mtoni. Baba naye alicheka, halafu akainama, akaendelea kuchambua majani, na shingo yake nyuma ilikuwa imekakamaa.

Alikuwa na njia moja tu ya kujifunza: kuniuliza mimi. Alinichovyea kipande cha mhogo, akanitazama mdomo. "Ndivyo?" Nilitikisa kichwa kukataa. "Kimepungua nini?" Sikujua kusema, nilikuwa mdogo; nilijua tu kwamba si kile. Kesho yake alibadili kitu. Aligundua nyuzi. Aligundua kuepua kabla ya karanga. Siku moja alinichovyea, nikatafuna, nikaanza kulia. Hakuuliza tena. Alikaa chini karibu na mafiga, tukala wote wawili, na mama alikuwa mle bakulini kabisa.

Mjomba alikuja mahindi yakiwa yanakaribia kukauka. Nilimwamkia shikamoo, akanishika mkono na kunipima unene wa kifundo, nadhani. Baba akaleta ugali wa mtama, majani ya maboga, na kile kitoweo cha ngogwe. Akatunawisha. Mjomba akamega tonge, akachovya, akala. Akachovya tena. Kisha akatoa jani moja chunguni kwa vidole, akalinyoosha mbele ya macho yake.

"Hili limemenywa nyuzi," akasema.

Baba alimsogezea bakuli la kitoweo.

"Mwanamume hamenyi nyuzi, shemeji. Hana subira hiyo. Yuko wapi huyo mwanamke?"

"Hakuna mwanamke," nilisema mimi. Sikupaswa kudakia maneno ya wakubwa, lakini nakumbuka nilisema, na sauti ilinitoka. "Baba ndiye anayepika."

Mjomba alinitazama, akamtazama baba na vidole vyake vyenye rangi ya kijani kwenye kucha. Uso wake ukalegea. "Kama ni kweli," alisema polepole, "basi mimi sina la kusema. Nilisema nitamchukua asipotunzwa. Huyu ametunzwa. Mtoto abaki kwako."

Nilimsogelea baba. Lakini mjomba alikuwa mtu wa haki, na haki yake haikuishia hapo.

"Ila tuambiane ukweli wote. Baada ya mavuno, shamba hili wewe huna mahali ndani yake, unajua. Utaondoka. Ukiondoka naye ukaenda kwenu, sehemu ya mama yake watapewa wenzake waliopo. Ardhi haimngoji mtu asiyeonekana. Siku akirudi amekuwa mtu mzima, atapokewa vizuri, atapewa maji na mhogo, kama mgeni. Akibaki na sisi, ni yake na ya watoto wake."

Baba alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha kwenye sahani, jambo ambalo hakulifanya kamwe.

"Mtoto anasema tu," akasema. "Yupo mwanamke. Yuko mjini. Huja kupika, kisha huondoka."

Nilimtazama baba. Hakunitazama. Nikasema tena kwamba si kweli, nadhani nilipiga kelele, na mjomba akaniambia ninyamaze, watu wazima wanazungumza.

Mjomba alikwisha kusema hataki nilelewe na mwanamke mgeni, basi siku ileile tulipanda mlima, mimi na yeye. Baba alitusindikiza hadi kijito cha kwanza. Nilipita mbele. Sikugeuka.

Nilikulia juu, kwa mama zangu wadogo, sikunyimwa kitu. Baba alivuna, akakabidhi shamba, akapanda gari moshi kwenda Tabora. Halafu vita vya Wajerumani na Waingereza vikaja, wapagazi wakachukuliwa kila mahali, na sikupata habari zake tena. Miaka hiyo yote nilimchukia yule mwanamke wa mjini. Ndiyo, mimi niliyelala na kuamka nyumba ile, niliyeonja kila chungu. Baba alisema yupo, na mtoto huamini neno la baba kuliko macho yake. Nilimpa sura: mrefu, ana mwanya, anavaa kaniki mpya. Nilidhani ni yeye aliyepika mboga zile kwa mkono wake, ili niondolewe.

Mjomba alizeeka, Mwingereza akiwa amekwisha shika nchi. Nilikuwa na watoto wangu, nalima shamba lile la mama. Siku moja, akiwa mgonjwa, nilimpelekea majani ya maboga, akala kidogo. Nikamwuliza, sijui kwa nini siku ile, kama aliwahi kumwona yule mwanamke.

"Mwanamke yupi?" alisema. Kisha akakumbuka. "Hakuwepo, mpwa wangu. Nilijua kabla hatujafika kijitoni."

"Mbona hukumwambia arudishe neno lake?"

Mjomba alisogeza bakuli pembeni. "Angekuambia kwamba anakuacha ili shamba libaki lako, ungemshika miguu. Mimi nisingeweza kukubandua pale, na yeye asingeweza pia. Mtoto mwenye uchungu hukaa chini njiani. Mwenye hasira hutembea. Wewe ulipanda ule mlima wote bila kubebwa."

Huenda mjomba alimpendelea baba katika hilo. Wagonjwa hupenda kuwatengenezea sifa waliokwenda. Huenda baba aliona haya tu kuitwa mwanamke na watu wa mtoni. Nimejaribu kulipima kwa haki pande zote mbili, na siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba nilitembea haraka sana siku ile, na kwamba mwanamume aliyesimama kijitoni alikuwa akitazama mgongo wa mwanawe, na mgongo ule ulikuwa umekasirika kama alivyotaka.