Siku Mama Aliponyamaza Mezani

Mpaka leo nikinusa mafuta ya cherehani, mkono wangu hutafuta kadi. Baba alikuwa fundi wa nguo pale Othaya, na kadi zetu za kuchezea, zilizolala katika droo moja na sindano, zilinuka mafuta hayo hadi kwenye pembe.

Kila Jumapili baada ya kanisa, jirani yetu Baba Wambui na mkewe walikuja kucheza. Baba na Mama walikuwa timu moja, wao timu ya pili, kila mtu akiketi kumkabili mwenzake wa timu. Mchezo wenyewe ni rahisi: kadi ya aina fulani ikitangulia, unafuata aina hiyo kama unayo, na mwenye kubwa anazoa zote. Ukiwa nayo ukaificha, umeiba.

Mimi, msichana mdogo mwenye moyo wa askari kanzu, nilikuwa nimeshamshuku Mama. Kila kadi ilipoanguka, aliitaja aina yake, kopa au uru: hiyo uru, tena kubwa. Kwa nini umtajie mtu kitu kilicho mbele ya macho yake? Niliamini ni ishara zao za siri, na niliona haya, maana Mama ndiye aliyetufundisha amri kumi.

Baba Wambui naye alishuku. Jumapili moja ya baridi kali aliomba wacheze bila redio, akimtazama Mama. Mama akanyamaza, kwa sababu mgeni huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na kamati ilitafuta fundi wa kushona sare. Baba aliitaka kazi hiyo kufa na kupona. Mimi nilifurahi, nikajua leo ukweli utatoka.

Baba Wambui akatanguliza uru. Baba akasita, akatupa kopa. Baadaye kidogo akatoa uru.

"Ati ulikuwa huna uru," Baba Wambui alisema. "Sasa hii imetoka wapi, fundi?"

Baba aliisogeza kadi karibu na pua. Kopa na uru zote ni nyekundu. Mama alifungua mdomo, lakini Baba akamwahi.

"Nimekuibia," alisema. "Umenishika."

Wageni walicheka mpaka chai ikapoa. Mimi nilikwenda kulia nyuma ya banda la mbuzi, mtoto wa mwizi. Kazi ya sare alipewa, Mama akashona, Baba akakata kwa kupapasa. Na kila jioni mimi ndiye niliyemtungia uzi kwenye sindano, nikidhani ananifundisha ufundi.

Nilikuwa mtu mzima wakati daktari aliponiambia kuwa macho ya Baba yalianza kufifia zamani sana. Wangejua haoni, nani angempa kitambaa? Alichagua jina la mwizi, akaniacha hata mimi nimwite hivyo.