Wakili wa Pampu na Nozeli

Umeshatupa vitu vingapi vizima maishani mwako? Usinijibu haraka. Tunaishi kwa kutupa siku hizi. Redio ikikoroma tunatupa, kiti kikilegea tunatupa, mtu akipungukiwa na nguvu tunamwita mzigo. Hukumu kwanza, ushahidi baadaye, tena kama upo. Naijua gereji moja ambako mambo hayaendi hivyo, na mwenye gereji hiyo ni mama yangu mdogo.

Wanamwita Wakili. Hakusomea sheria. Alisomea magari chuo cha ufundi, katika darasa ambalo mwanamke mwingine pekee alikuwa yule wa kwenye kalenda ya matairi. Jina hilo walimpa mafundi wenzake kwa kejeli, maana kabla ya kubadilisha kifaa chochote huuliza, "Huyu ameshtakiwa na nani? Shahidi yuko wapi?" Kejeli ikamkaa vizuri kuliko ovaroli yake. Si mtu mpole. Hujisifu, hununa, hutia sukari kwenye chai mpaka kijiko karibu kisimame, na wateja wenye haraka humkimbia. Lakini sijawahi kumwona akikitia kifaa hatiani bila kukisikiliza kwanza.

Nilikuwa nikikaa chumba cha nyuma ya gereji wakati gari-nyumba lilipoletwa likivutwa kwa kamba. Lilikuwa gari refu la petroli, mbele viti viwili, nyuma jiko dogo, sinki, mapazia ya maua na kitanda kilichofungwa sakafuni. Aliyeshika usukani alikuwa mzee mmoja, dereva mstaafu wa mabasi ya shule.

"Karibu, mzee wangu," Wakili alimwambia. "Mgonjwa ni gari?"

"Wagonjwa ni wawili. Gari na mke wangu. Ila mke wangu hajanisumbua hivi."

"Nakusikia," sauti ya mwanamke ilitoka nyuma ya mapazia.

Mkewe alikuwa na ugonjwa wa uti wa mgongo. Hakuweza kuketi zaidi ya muda wa kumaliza kikombe cha chai; safari yoyote ilibidi aende amelala. Ndiyo maana mzee alinunua gari lile kuukuu na kumfungia kitanda. Shida ni kwamba injini ilikuwa ikiwaka vizuri, inakwenda kidogo, kisha inakufa kama mshumaa uliopulizwa. Mafundi waliotangulia walibadilisha pampu ya mafuta, wakabadilisha nozeli zinazopuliza petroli kwenye injini, wakamalizia na kompyuta ya gari. Vile vya zamani mzee alikuwa navyo kwenye boksi.

Wakili aliichukua pampu ya zamani, akaigusisha nyaya za betri. Ikanguruma.

"Nzima," alisema. "Huyu alifungwa bure." Akaendelea kuchokoa boksi huku akisonya. "Na huyu. Na huyu. Hili si boksi, ni gereza."

Mama mzee alimwita dirishani. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Mwanangu, dada yangu ndiye aliyenilea. Sasa yeye yuko kitandani huko kwake, hali chakula mpaka abembelezwe. Kila tukianza safari ya kwenda kumwona, tunakwama kabla ya kutoka mjini. Hapa kwako ndipo mwisho. Likishindikana, mnirudishe nyumbani, liuzwe. Gari hili limenikataa."

"Mama, gari halina moyo wa kumkataa mtu. Lina nyaya tu."

"Wote husema hivyo."

Tulimshusha, tukamlaza kwenye godoro ofisini, Wakili akaanza kazi. Alifunga geji kwenye bomba la mafuta ili aone mgandamizo wake, akaiegemeza kwenye kioo cha mbele. "Injini inataka vitu vitatu," aliniambia. "Hewa, moto na mafuta. Likizimika, tutajua nani kamsaliti mwenzake."

Halikuzimika. Liliunguruma asubuhi nzima. Mzee akalizungusha mtaani, likarudi likiimba. Wakili alianza kutembea kifua mbele, akasema labda gari limemwogopa. Mchana tukamrudisha mama kitandani, mzee akashika usukani, na kabla hawajafika kwenye geti injini ikakata.

Kimya cha injini iliyokufa ni kizito. Mzee alifungua mlango wake. Aliruka akaenda nyuma. "Njoo nikushushe upate hewa," alimwambia mkewe.

"Subiri," Wakili alisema. Alikuwa akiitazama geji. Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri: mafuta hayakuwa yakija. Akapima moto kwenye plagi, ulikuwepo. "Mzee wangu, kila likizimika unamshusha mama?"

"Namshusha. Mle ndani joto."

"Ukishamshusha?"

"Linawaka tena."

"Na mafundi wanapolipima, ndani kuna nani?"

Mzee alifikiri. "Hakuna mtu."

Wakili aliketi kwenye ngazi ya gari, akavua kofia. "Hata mimi," alisema. "Nimepima gari, sikupima nyumba."

Alilisema polepole, akijilaumu, lakini mle ndani lilisikika kwa namna nyingine.

"Si nilisema," mama mzee alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi."

Mtu mwingine angetoa maneno ya kufariji. Wakili hakutoa. Alituomba tumsogeze mama kiti cha mbele, akamwekea mto mgongoni, kisha akamwambia mzee awashe. Likawaka. Naye akapanda nyuma na ovaroli yake ya grisi, akajilaza kitandani chali.

"Na mafuta hayo juu ya shuka zangu?" mama mzee alilalamika akigeuza shingo.

"Nitazifua. Nipe dakika."

Tukangoja. Injini ilinguruma, ikakohoa, ikakata. Mshale wa geji ukaanguka.

"Haya," Wakili alisema akiwa bado amelala. "Limenikataa na mimi." Akanyanyuka, gari likawashwa, likakubali. "Mpwa wangu, panda."

Nikalala. Likakata. Nilitazama mbele nikamwona mama mzee ameshika mdomo. Hakuwa akilia, au labda alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Kumbe halibagui," alisema.

Nimesikia watu wakihutubia habari za utu mpaka sauti zikakauka. Sijaona hotuba iliyofanya kazi kama mwanamke yule kulala na grisi yake juu ya shuka nyeupe.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya mikono. Tulimrudisha mama ofisini, Wakili akainua gari kwa jeki, akaweka magogo ya kulishikilia, akaingia chini na tochi huku mimi nikilala na kuamka kitandani kwa amri yake. "Lala. Amka. Lala tena. Tulia, mbona unacheza kama samaki?" Kisha akacheka peke yake huko chini.

Bolti moja ya kitanda ilikuwa ndefu mno. Ilipenya sakafu ikaning'inia juu kidogo ya soketi ya waya unaopeleka umeme kwenye pampu ya mafuta. Mbao za sakafu zilikuwa zimechoka. Mtu akilala, zilibonyea polepole, bolti ikaisukuma soketi mpaka ikaachana, pampu ikasimama, injini ikakosa mafuta. Mtu akiamka, kila kitu kilirudi mahali pake kama mtoto mtundu anayesikia nyayo za mama yake.

"Kitanda alifunga nani?" Wakili aliuliza.

Mzee alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu. "Mimi. Nilitafuta bolti ndefu kuliko zote. Nilitaka kisimtikise."

Alikwenda ofisini kumwambia mkewe mwenyewe, shingo upande. Tulisikia kicheko kabla hajamaliza.

"Muda wote huu natafuta mchawi," mama mzee alisema, "kumbe nalala naye."

Wakili alikata bolti kwa msumeno, akaweka ubao mpya wa kuikaza sakafu, akabadilisha soketi iliyolegea na kuuhamisha waya mbali kabisa, akaufunga kwa vibanio. Kisha akamwambia mama alale kitandani injini ikiwa inaunguruma. Mama alilala. Alilala mpaka usingizi ukamchukua, na injini haikukosea hata mpigo mmoja. Wakili alisimama pale muda wote, kikombe cha chai mkononi kimepoa.

Asubuhi iliyofuata walianza safari. Wakili alisimama kwenye geti na shuka zilizofuliwa, zimekunjwa, akazipitisha dirishani. Gari likaondoka, likavuka tuta la nje ya geti. Hapo injini ikanyamaza.

Nilimwona mama yangu mdogo akidondosha spana. Pazia la maua likafunguka, mama mzee akatoa uso, bado amelala.

"Nimemwambia mimi azime," alisema. "Nilitaka nione mtakavyotoa macho."

Kisha akagonga ukuta wa gari kwa kiganja. "Baba, washa. Dada ananingoja."

Likawaka, likakata kona, na lile pazia likaendelea kupepea nje ya dirisha mpaka lilipotupotea.