Fundi umeme anayepanda Newala na kazi yake

Saa mbili asubuhi, Masasi. Miguu miwili imetokeza nje ya mlango wa Mark II nyeupe, kandambili moja imeshadondoka, na kutoka chini ya dashibodi sauti ya mwanamke inaomba tepu nyeusi. Hakuna anayempa. Mwanamume aliyekaa juu ya tairi bovu kando ya gari anaitazama barabara kama vile hakusikia.

"Baba Huruma, tepu," sauti inarudia.

Mwanamume ananyanyuka, anaitoa tepu kwenye kopo la misumari, anaiweka kwenye kiganja kilichonyooshwa, kisha anarudi kwenye tairi lake. Hawajazungumza sawasawa tangu Jumamosi.

Mwenye miguu ni Getrude Abrahamu, fundi umeme wa magari na mama wa mtoto mmoja, Huruma. Aliyekaa juu ya tairi ni mumewe, Dastani, dereva wa gari hilo hilo. Mwenye gari ni Nurdin Swalehe, mnunuzi wa korosho, ambaye amesema atafika saa nne. Leo gari lazima lipande Newala, na lipande kwa namna anayoitaka yeye. Likishindwa, Dastani hana kazi.

Getrude anajua jambo jingine ambalo Nurdin halipi uzito. Gari likipanda kwa namna hiyo, siku moja huenda Dastani asirudi.

Huu ni msimu wa korosho, na siku hizi msimu wa korosho ni mbio. Zamani mkulima wa Chiwata au Nanganga alipeleka gunia ghalani akasubiri. Tangu biashara ifunguliwe, wanunuzi binafsi wanazagaa vijijini na fedha kwenye mifuko ya rambo. Anayefika kwanza ndiye anayeondoka na mzigo, na anayechelewa anawakuta wenzake wanafunga mizani.

Nurdin alichoka kuchelewa. Akaagiza gari dogo lililotumika Japani, lenye injini ya tabo, ile yenye pampu ya hewa inayoiongezea nguvu, litangulie na fedha wakati malori yake yakijikongoja nyuma. Lakini gari lilikuja na ulinzi ambao hakuuomba. Magurudumu yakiteleza, gari lenyewe linapunguza nguvu ya injini ili lisipoteze njia. Kwenye lami ya kwao huko ni jambo la maana. Kwenye mchanga wa Tandahimba, gari linakata nguvu pale pale dereva anapoihitaji, na watu wanateremka kusukuma.

Ulinzi huo unazimwa kwa swichi ndogo iliyo kando ya usukani. Dereva akibonyeza mara moja, taa ndogo ya njano inawaka kwenye dashibodi kumkumbusha kwamba sasa yuko peke yake.

Nurdin akaenda Dar es Salaam, akarudi na boksi la chuma lenye ukubwa wa kibiriti cha jikoni. Kazi yake ni kuifanya tabo ivute zaidi ya ilivyopangiwa kiwandani. Akataka liamshwe na swichi ile ile: mbonyezo mmoja, ulinzi ulale na boksi liamke. Swichi ya pili hakuitaka, kwa kuwa wanunuzi wenzake wana tabia ya kuchungulia vioo vya magari yasiyo yao.

"Mkeo si fundi umeme?" alimwambia Dastani. "Basi shemeji atatufungia."

Getrude alizaliwa Chiwata, kwenye familia ya Kianglikana. Baba yake alikuwa mwalimu wa dini na alitaka binti awe nesi. Binti akawa anapitisha likizo kwenye karakana ya Fundi Cecil, mzee aliyekuwa akitengeneza Landrover za misheni, akimshikia taa na kumuuliza maswali hadi mzee akakubali kuwa amepata mwanafunzi.

"Landrover ilikuwa na nyaya unazoweza kuzihesabu kwa majina," anasema Getrude. "Haya ya Japani yalipoanza kuingia, ukifungua dashibodi unakuta tambi. Mafundi wengi walikimbia. Mimi nikasema, tambi nazo zina mwanzo na mwisho."

Wateja wapya humpita wakimtafuta fundi, wakimdhani muuza chai wa karakana. Ameacha kukasirika. Anawaacha wazunguke, wakirudi anawauliza kama wanataka na maandazi. Kazi za honi na redio zinampa hela ya unga na mboga. Mshahara wa Dastani ndio unaomsomesha Huruma, na jambo hilo halikuhitaji kusemwa siku Nurdin alipoleta boksi.

Swichi ile ilimsumbua. Ukiiachia kidole inarudi juu, kwa hiyo boksi lingefanya kazi wakati kidole kiko juu yake tu. Akafikiri siku nzima, akaja na ujanja: akachukua waya kutoka kwenye taa ya njano badala ya swichi, akaupitisha kwenye rilei, kiswichi kinachojiwasha kwa umeme, hadi kwenye boksi alilolificha chini ya kiti cha mbele. Taa ikiwaka, boksi linaamka. Ikizimika, linalala.

"Nilijisifu," anasema bila kuficha. "Nilimwita na muuza chai aje aone."

Masasi kuna desturi ambayo mafundi wa Mtwara wanaicheka. Kazi yoyote ya gari linalokwenda uwandani, kule juu Newala, haihesabiki kuwa imekwisha mpaka fundi apande nayo mlima wa Newala, akiwa amekaa kiti cha nyuma, mgongoni kwa dereva. Hadi hapo kazi bado ni ya fundi, si ya mwenye gari. Fundi asiyetaka kupanda, hakuna anayemgombeza. Watu wanachukua gari lao na kwenda kwingine.

Jumamosi Getrude akapanda, yeye na mumewe tu. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na udongo mwekundu ulikuwa umelainika. Katikati ya mlima jiwe likarushwa chini ya gari. Walisikia mlio wake, hawakuujali.

Kwenye kona iliyofuata taa ya njano ikawaka.

"Mbona umebonyeza hapa?" Getrude aliuliza.

"Sijabonyeza," Dastani akajibu, na mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

Hapo ndipo Getrude alipokumbuka kitu alichokisahau. Taa ile haiwaki kwa swichi peke yake. Ulinzi ukiharibika, inawaka yenyewe kumwonya dereva. Jiwe lilikuwa limekata waya wa gurudumu, ule unaoujulisha ulinzi kwamba gari linateleza; ulinzi umekufa, taa imewaka, na ule ujanja wake ukaliamsha boksi. Gari lilipata nguvu ya ziada dakika ile ile lilipopoteza kinga yake.

Likaruka. Nyuma ikakimbilia upande wa bonde. Getrude alijitupa katikati ya viti, akapeleka mkono chini ya kiti cha mbele, akaung'oa waya kwa vidole. Gari likasimama gurudumu moja la nyuma likiwa kwenye mtaro. Waliketi wakisikiliza injini, hakuna aliyethubutu kufungua mlango.

Kilichomuumiza zaidi kilikuja baadaye. Nurdin alipouliza kilichotokea, Dastani alijibu kwamba waya ulilegea. Getrude alikuwa amesimama hapo hapo. Akanyamaza, akijua kwamba akifungua mdomo mumewe ataonekana mwongo mbele ya bosi wake. Kufikia Jumapili jioni, baada ya ibada, watu walikuwa wakimpa pole ya waya kulegea.

"Nyaya zangu hazilegei," anasema, machozi yakimlengalenga. "Kosa langu lilikuwa kubwa kuliko hilo, na ningelikiri. Lakini hilo walilonipa si langu."

Dastani naye ana yake. "Ningesema nini? Niseme gari halifai? Kesho yake usukani anashika Jafari, anausubiri tangu mwaka jana."

Getrude alikwenda mwenyewe kumwomba Nurdin waliondoe boksi. Nurdin alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akamwambia: "Shemeji, sikununua boksi la kupamba nyumba. Jumatano napanda nanyi."

Ndiyo maana asubuhi hii amerudi chini ya dashibodi. Ameunga upya waya wa gurudumu, ingawa anajua barabara ile itaukata tena. Na waya wa boksi ameutoa kwenye taa akauhamishia kwenye swichi. Dereva akishikilia kidole, boksi linafanya kazi. Akikitoa, basi. Kwenye kona dereva anahitaji mikono miwili, na mikono miwili ikiwa kwenye usukani hakuna kidole cha kubonyeza.

Nurdin anafika saa nne na nusu, amevaa kanzu safi. Anakaa mbele, karibu na dereva. Getrude anaingia nyuma, mgongoni kwa mumewe.

Mlima unaanza vizuri. Kwenye kona ya tatu taa ya njano inawaka yenyewe, kama alivyohofia. Getrude anashika kiti cha mbele kwa mikono yote. Gari linaendelea kupanda kwa mwendo wake ule ule. Boksi limelala.

Kisha wanaikuta pikapu mbele yao. Nurdin anaitambua kabla hawajaikaribia.

"Huyo Shamte," anasema. "Anakwenda Kitangari na fedha. Mpite."

"Tukifika juu, bosi."

"Juu atakuwa ameshachanja mbuga. Bonyeza."

"Kona hii hapana, bosi. Sioni mbele."

Getrude anamwona Nurdin akigeuka kuutazama usukani. Alikuwa amefikiria kila kitu kuhusu kidole cha dereva. Hakufikiria kwamba ndani ya gari kuna vidole vingine.

Mkono wenye saa ya dhahabu unavuka mbele ya usukani na kubonyeza.

Injini inalia. Gari linachomoka kutoka nyuma ya pikapu, nyuma yake ikiyumba, na kwenye kona linatokea lori limejaa magunia, likiteremka taratibu katikati ya barabara. Dastani anaupiga mkono wa bosi wake kwa kiganja, kofi la nguvu linalosikika juu ya kelele zote, anarudi kwenye usukani na kukanyaga breki kidogo kidogo, akilibembeleza gari, mpaka linasimama. Kati ya bampa lao na la lori angepita mtu mmoja mwembamba.

Pikapu ya Shamte inapotelea juu. Dereva wa lori, mzee mmoja aitwaye Mrisho, anateremka na kuja dirishani.

"Wazima humo?"

"Shikamoo, mzee. Wazima," Getrude anajibu.

"Marahaba. Mshukuruni Mungu."

Nurdin anautazama mkono wake. "Umenipiga, Dastani."

"Nimekupiga, bosi."

"Mbele ya mkeo."

"Ndiyo."

"Shuka."

Dastani anashuka. Anasimama kwenye tope, kisha anainama dirishani. "Bosi, na ile Jumamosi waya haukulegea. Nilikudanganya kwa kuogopa. Mke wangu alifunga vizuri."

Nurdin anahamia kiti cha dereva. Lakini Getrude hajashuka bado, ameshika bisibisi.

"Ngoja, bosi. Kazi haijafika juu, kwa hiyo bado ni yangu. Naifungua."

Nurdin ni mtu wa huku, na desturi anaijua. Anatazama mbele huku fundi akifungua nyaya chini ya kiti na kulitoa boksi. Getrude analiweka mapajani mwa Nurdin, anamtakia safari njema na kufunga mlango taratibu. Mark II inapanda Newala polepole kuliko siku zote.

Mume na mke wanateremka Masasi juu ya magunia ya Mzee Mrisho. Njiani Getrude analia, kwanza kwa woga, halafu kwa mambo mengine yote tangu Jumamosi. Dastani anamwambia alie tu.

Ijumaa, nje ya karakana, lori lile limeegeshwa pale ilipokuwa Mark II. Mzee Mrisho macho yanamsumbua na alikuwa akitafuta dereva wa kusaidiana naye. Aliyeweza kusimamisha gari mahali pale, anasema, hana haja ya kufanyiwa usaili. Malipo ni madogo kuliko ya Nurdin, na ada ya Huruma itabidi ilipwe kwa kuvutavuta. Nurdin ameshampa Jafari funguo. Boksi, inasemekana, amelipeleka Mtwara kwa fundi mwingine.

Getrude anamwombea Jafari, kwa dhati, kisha analizunguka lori akiwa na testa ya umeme mkononi. Honi haifanyi kazi. Taa za nyuma hazina hata glopu. Dastani amekaa kwenye usukani na mlango wazi, akisubiri aambiwe cha kubonyeza.

"Hili kwa mbio halimpiti mtu," Getrude anasema. "Kwa hiyo nataka lionekane. Nitaanza na taa za mbele, nije breki, mpaka mtu aliye Newala amwone Baba Huruma akiwa bado chini huku anakuja. Likiwaka lote, Jumatatu napanda nalo."

"Kiti cha nyuma halina," Dastani anamkumbusha.

"Nitakaa mbele," anajibu, na kuingia chini ya dashibodi.