Mkono Uliompa Ashley Dawa

Nyangate na mimi tuliolewa na bwana mmoja hapa Nyamache, yeye kwanza, mimi baadaye. Bwana ni marehemu, lakini hadi mwaka jana Nyangate alikuwa akiniona napita anafunga mlango wa jiko, eti nisimtilie kitu chunguni. Mimi nilisoma hadi darasa la saba. Sina haja na sufuria ya mtu.

Mjukuu wake Ashley alishikwa na saratani ya damu. Alilazwa miezi mingi, kisha akarudishwa na vidonge vya kumeza kila jioni. Mama yake, Akong'o, mtu wa ziwani, anauza dukani Keroka, kwa hivyo mtoto akakaa na nyanya. Akimeza vidonge wiki chache, mdomo unajaa vidonda, homa inapanda, damu inapungua. Hospitalini wanasimamisha dawa, anapata nafuu. Akirudi nyumbani, anaanguka tena.

Nyangate aliona jambo moja tu: mtoto anaugulia nyumbani. Basi kuna mtu anayemroga.

Wa kwanza nilikuwa mimi. Ashley akakatazwa kukanyaga uani kwangu, hata ndizi niliyompa akanyang'anywa. Mtoto akaugua. Ikawa zamu ya Akong'o, eti watu wa ziwani wana mambo yao. Akija asiguse chungu. Mtoto akaugua. Mwishowe Nyangate akaweka vidonge chini ya mto wake, akawa anampa kwa mkono wake, hakuna mwingine.

Mtoto akaugua kuliko mara zote.

Sasa watu wakaanza kufikiri kama yeye. Nani amebaki? Pale tunapopimia majani chai, wanawake wakawa hawasimami karibu naye. Kwetu mwanamke mzee akisemwa hivyo, nyumba yake inaweza kuchomwa akiwa ndani. Mimi nilipima yangu nikaenda zangu.

Daktari naye alimshuku. Ochoki, mwana wa Nyangate na baba ya Ashley, ndiye aliyenieleza. Daktari aliuliza kama nyanya anazidisha dawa.

"Kama ni mimi, sema hapa mbele ya mwanangu," Nyangate akamwambia.

Ochoki alitazama sakafu.

Daktari alikagua vidonge vilivyobaki, akaona havijazidishwa. Ndipo akatuma damu ya mtoto Nairobi. Majibu yalisema Ashley alizaliwa na mabadiliko kwenye jeni, ule urithi tunaopewa na wazazi. Miili ya wengi huivunja dawa ile upesi. Mwili wake huivunja polepole mno, inajazana, inaua hata damu nzuri. Kipimo cha mtoto mwingine kwake ni sumu. Na amerithi pande zote mbili, kwa mama na kwa baba.

"Kwa baba? Kwa hivyo kwangu?" Nyangate akauliza.

"Kwako, au kwa mzee wako."

Dawa ilipunguzwa sana, na Ashley sasa anaenda shule. Ochoki amewaeleza majirani. Wengine wamesikia. Wengine wanaitikia tu kwa kichwa.

Jumapili moja Nyangate akaja mlangoni kwangu.

"Nyamusi, daktari amesema ni mwili wa mtoto."

"Nimesikia. Uji upo."

Nikamimina vikombe viwili. Akashika chake bila kukiinua.

"Mbona hunywi, Mama Ochoki?"

"Ni moto."

Haukuwa moto. Nikanywa wangu. Akatazama koo langu mpaka nikameza, ndipo naye akanywa.